Kahawa, Usipa na Chumba cha Mbele

Siku hizi vijana wananijia kuomba ushauri wa nyumba za kupangisha. Sijui ni nani aliyewadanganya kwamba mimi ni mtaalamu. Nadhani wanapita barabara ya kwenda sokoni hapa Mbinga, wanaiona nyumba yangu ya vyumba sita, wanaona wapangaji wameanika nguo uani, halafu wanasema moyoni kwamba mzee huyu aliona mbali. Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja kijana. Kiwanja ameshanunua, matofali ameshachoma, na mkononi alikuwa na daftari jipya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nataka kuanza kupangisha nyumba. Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye pua," nikamwambia.

Akaandika: pua. Ni kijana mtiifu, wa aina ile ambayo ukimwambia jambo la kijinga anaweza kulifanya. Nikamwonea huruma, nikaagiza chai, nikaanza kumsimulia. Mwisho wa habari sikumwambia, kwa sababu mke wangu alikuwa anachambua maharage palepale uani, na mbele yake habari hii huwa siimalizi vizuri. Nitaimaliza hapa, kwenye karatasi.

Mimi nilianza kuwekeza kwa kupunguzwa kazi. Ni njia nzuri, naipendekeza kwa kila mtu. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika, miaka kumi na minne, nikinunua kahawa ya wakulima wa milimani. Watu walitoka Mkumbi, walitoka Mpepai, wamejitwika magunia tangu alfajiri, wanapanga foleni mbele ya mizani yangu. Kabla ya kupima, niliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwikoni, nikatoa konzi ya kahawa kavu iliyo bado na ganda lake jepesi, nikaipuliza, nikainusa. Kahawa ina tabia moja ambayo kila mtoto wa Kimatengo anaijua: inachukua harufu ya jirani yake. Ukiiweka karibu na mafuta ya taa, itanuka mafuta ya taa. Ukiiweka jikoni, itanuka moshi. Na ikishachukua harufu haiiachii, uianike uanikavyo. Ikinuka, nilikuwa nairudisha. Pua yangu ilikuwa maarufu kutoka bonde hadi bonde. Walinisalimia kwa heshima sana watu ambao, nikigeuka, sijui walikuwa wanasema nini.

Siku moja nilirudisha gunia la mama mmoja mzee wa Mpepai.

"Mama, hii inanuka moshi na mbuzi."

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Nyumba yangu ni chumba kimoja. Kahawa, mbuzi na mimi tunalala humo humo. Ulitaka nani alale nje?"

"Jenga ghala, mama."

Foleni nzima ilicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kiti. Yule mama alijitwika gunia lake, akarudi nalo Mpepai, na hiyo ni safari ya kupanda na kushuka ambayo kijana mwenye mikono mitupu anaifanya akilalamika.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Ilikuwa desturi yangu: kila jioni, nikishanawa, namweleza kahawa ya nani nimeirudisha na ilikuwa inanuka nini. Nilidhani ni mazungumzo ya mume na mke. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chetu cha kamba, kwenye chumba kimoja tulichokuwa tumepanga, na watoto watatu walikuwa wamelala kwenye mkeka miguuni petu.

"Na sisi je," aliniuliza, "tuna ghala?"

Nikamwambia asilete siasa.

Hapa inabidi niseme habari ya kitanda, maana mambo yote yanatokea hapo. Mke wangu ni mtu wa ziwani, wa Lundo. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi, na binti yake alipoolewa na Mmatengo, tena Mkatoliki, wao wakiwa Waanglikana tangu babu, mzee yule alinyamaza wiki mbili, kisha akachonga kitanda. Kitanda cha mninga, kipana, kichwani kimechorwa samaki wawili wanaotazamana. Kilipandishwa mlimani kwa lori pamoja na bibi harusi. Tulipofika Mbinga, hakikuenea chumbani. Tulikigeuza huku na huku, fundi akaja akatazama, akasema ama tupunguze kitanda ama tubomoe ukuta, na ukuta haukuwa wetu. Tukakifungua, tukakisimamisha nyuma ya mlango. Kikasimama hapo. Tulihama vyumba mara tatu, na mara zote tatu tulikibeba vipande vipande kama mgonjwa, tukakisimamisha nyuma ya mlango mwingine. Mke wangu alikuwa anakipaka mafuta kila Pasaka.

Mimi nilikuwa na jibu la kudumu: "Siku tukijenga, chumba cha mbele ni chako na kitanda chako." Ni ahadi tamu, na haikunigharimu kitu kwa miaka kumi na minne.

Kisha zikaja zama za ruksa. Kila kitu kikawa ruksa: ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa kuwa tajiri kama unaweza. Mpaka zamu ya kahawa ikafika, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia Mbinga, wakaja na magari madogo ya mizigo na mizani zao, na wengine hawakunusa chochote. Walinunua ya moshi, walinunua ya mbuzi. Ushirika ukayumba. Siku moja sisi makarani tukaitwa ofisini, tukapewa barua zilizotushukuru sana. Nilipewa kiinua mgongo, na mgongo wangu, nakiri, uliinuka. Nilitoka pale natembea kama mwekezaji.

Nilijenga. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati. Mke wangu alikuja kwenye msingi siku ya kwanza na kanga yake moja ya zamani. Alikuwa amepima kitanda kwa kanga hiyo na kufunga mafundo mawili, moja la urefu na moja la upana. Akampa fundi, akamwambia, "Chumba cha mbele kisiwe pungufu ya hapa." Fundi aliikunja kanga ile akaiweka kwenye mfuko wa zana, na chumba cha mbele kikajengwa kwa mafundo yale. Nilicheka tena. Utaona kwamba katika habari hii mimi nacheka sana.

Sasa mwalimu, andika. Fundi alipofika kwenye lenta, juu ya milango, aliniuliza, "Kuta za ndani nizipandishe mpaka kwenye bati, au utaweka dari?" Nikamwambia aishie hapohapo, na dari tutaweka baadaye. Matofali ni gharama, dari ni anasa, na ukiacha uwazi juu ya kuta, hewa inazunguka. Hivyo ndivyo nilivyomwambia: hewa inazunguka. Nilijiona nimevumbua kitu. Kwa hiyo katika nyumba yangu mpangaji wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita anamwambia pole. Hiyo ni faida ya ziada, sikuwatoza.

Sisi wenyewe tuliingia kwenye banda la uani, la miti na udongo, lililokuwa stoo ya mafundi. Kwa muda. Hilo ni neno ambalo mwekezaji hana budi kulijua. Tulikuwa tunangoja rangi ya chumba cha mbele ikauke. Chumba cha pili nilimpa muuza mitumba, cha tatu fundi cherehani, na viwili vingine vikapata watu wa kazi za serikali, watu wapole wanaolipa wakishapata. Cha mbele ilikuwa zamu ya mke wangu. Kilikuwa kina dirisha kubwa upande wa barabara na kinapata jua la asubuhi, kitu ambacho mwezi wa sita, ukungu unapokaa Mbinga mpaka saa nne, si kitu kidogo.

Asubuhi aliyochagua ya kuhamia, alikifagia, akaufuta mlango, akaanza kutoa vipande vya kitanda kutoka bandani. Kichwa cha kitanda, wale samaki wawili, kilikuwa kimeshafika ukumbini. Hapo ndipo liliposimama gari la mnunuzi wa kahawa.

Alikuwa kijana wa mjini, koti la ngozi, meno meupe. Aliangalia lile dirisha, akaangalia barabara, akaangalia sakafu niliyoipiga sementi mimi mwenyewe.

"Mzee, hiki chumba kinafaa kuwa stoo yangu. Nalipa msimu mzima leo. Na nimeambiwa wewe ndiye yule karani mwenye pua. Unaninusia kahawa hapa barazani, nakulipa na hiyo."

Watu wanasema mwekezaji ashinde tamaa. Sijui kama wamewahi kuitwa "yule karani mwenye pua" miezi mitano baada ya kufukuzwa kazi. Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa amesimama ukumbini amekishika kichwa cha kitanda kwa mikono miwili.

"Kwa msimu huu tu, mama," nikasema.

"Sawa," alisema. Akakigeuza kitanda, akakirudisha bandani kipande kimoja kimoja, na mimi sikumsaidia kwa sababu nilikuwa napeana mikono na mpangaji.

Ukitaka ushauri wangu wa dhati kuhusu neno hili "sawa", ni huu: mke akilisema bila kuongeza neno la pili, acha biashara yote uliyonayo, ukakae naye chini. Mimi nilidhani lina maana ya sawa.

Msimu ulianza vizuri kupita kiasi. Baraza yangu ikawa soko. Wakulima wale wale walipanga foleni mbele ya pua ile ile, na mimi nikaingiza mkono ule ule mpaka kiwikoni. Magunia yaliyopita yaliingia chumba cha mbele, yakapangwa mpaka juu. Nikaanza kuhesabu nyumba ya pili. Nikanunua bati thelathini, nikazilaza uani nyuma ya banda, na kila asubuhi nilizipapasa kabla ya kunywa uji.

Katikati ya msimu akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mchuuzi wa usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa ambao mtu wa milimani anajifanya hawapendi mpaka wamwagwe kwenye sahani yake. Alikuwa anapanda na lori kutoka pwani ya ziwa, anauza sokoni Mbinga, anashuka. Mara hii alikuja na mzigo mkubwa, maana na yeye alikuwa ameshasikia kuhusu ruksa. Alihitaji mahali pa kukaa mwezi mmoja. Chumba cha sita, cha mwisho kabisa nyuma, kilikuwa hakijapata mtu.

Mwenye nyumba wa kawaida angemuuliza mpangaji kama huyo: una mizigo gani, unaiweka wapi? Lakini kwetu mkwe haulizwi. Mimi na mama yule tulikuwa hatutazamani usoni, hatuli pamoja, na chumba alicholala nisingeweza kukanyaga hata nyumba ikiwaka moto. Nikitaka kumwambia neno, namwambia mke wangu. Akitaka kuniambia neno, anamwambia mke wangu, na asipokuwepo, anawaambia kuku, mimi nikiwa karibu. Tukikaribia kukutana ukumbini, mmoja wetu anageuka. Kwa mwezi ule mzima niliingia nyumbani kwangu kwa kuzunguka nyuma ya ua wa jirani, nikachungulia kwanza, kisha nikapita. Mwenye nyumba, bati thelathini, na ninachungulia. Kwa hiyo chumba cha sita kilitoka kabisa katika utawala wangu, nikakikabidhi kwa mke wangu pamoja na funguo zote za nyumba, maana sikutaka kuonekana na ufunguo wa chumba cha mama mkwe.

Muuza mitumba wa chumba cha pili, kile kinachopakana na cha mbele, alihamia Songea wiki hiyo hiyo. Nikamwambia mke wangu akifunge, tutampata mwingine. Akasema sawa. Mimi nilikuwa na kazi barazani.

Mwisho wa mwezi lori la kuchukua kahawa lilifika, na pamoja nalo bosi wa yule kijana, mtu mzima mwembamba, kimya, aliyekuwa na kisu kidogo cha kutobolea magunia. Foleni ya wakulima ilikuwa imejaa barazani. Akaingia chumba cha mbele, akatoboa gunia moja, akanusa. Akatoboa la pili. Akatoka na konzi ya kahawa, akaniletea mimi mbele ya watu.

"Wewe ndiye mnusaji?"

"Ndiye mimi."

"Hii inanuka nini?"

Nikaipuliza kwa madaha, nikanusa. "Kahawa," nikasema. "Safi kabisa."

"Nusa tena."

Nikanusa tena. Naapa, sikusikia kitu. Yule bwana akampa mkulima wa kwanza kwenye foleni, mzee wa Mkumbi, akanusa akageuza uso. "Samaki," alisema. Akampa wa pili. "Usipa," alisema wa pili, na kwa heshima akaongeza, "tena mkavu." Ikapita mkono kwa mkono foleni nzima, na foleni nzima ilisikia samaki isipokuwa karani mwenye pua. Pua ambayo imelala na mtu wa Lundo miaka kumi na minne, inakula usipa kwa ugali mara nne kwa wiki, haijui tena kwamba usipa una harufu. Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilirudisha magunia ya watu kwa moshi na kwa mbuzi, na huenda yaliyonuka samaki niliyapitisha yote.

Kutoka nyuma ya foleni, sauti ya mtu nisiyemwona ikasema, "Karani, jenga ghala!"

Wakacheka. Nilisikia wakirudia neno hilo mpaka chini barabarani, na nikatambua kwamba walikuwa wanalijua siku zote. Lilikuwa limeshakuwa msemo wa milimani na mimi sikuwa na habari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilitamani kiti kile kiwe cha mtu mwingine.

Tulifungua chumba cha pili. Magunia ya usipa yalikuwa yamepangwa kwenye ukuta unaopakana na kahawa, yamepanda mpaka usawa wa lenta, kana kwamba yanachungulia upande wa pili. Na juu yake, ule uwazi wangu. Hewa ilikuwa inazunguka.

Yule bosi hakupiga kelele. Alitenga magunia yaliyoharibika, kumi na mawili yaliyokuwa karibu na ukuta, akapakia mengine, akaangalia uani. "Hizi bati ni za nani?" aliuliza. Jioni hiyo bati zangu thelathini ziliondoka juu ya kahawa, zikipiga kelele kwenye kila shimo la barabara, na nyumba yangu ya pili ikaenda nazo. Kijana wa koti la ngozi hakuniaga.

Nilikasirika na mama mkwe kwa kiasi ambacho mila hairuhusu. Nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha ili isikike kupitia juu ya kuta zote sita: kuna watu wanapewa chumba cha bure, chumba kizima cha nyuma, hawatosheki, wanajitanua mpaka kwa wapangaji wanaolipa. Mke wangu alikuwa anakatakata mboga.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alifunga mizigo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya banda, mahali bati zilipokuwa, natazama majani yaliyogeuka njano. Akatoka mlango wa nyuma, akaniona, akageuza uso kuelekea kuku. Nami nikageuza wangu kuelekea ukuta.

"Nyie kuku," aliwaambia, taratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani. "Mimi mzigo wangu niliuweka chumba cha nyuma. Nilipotoka sokoni jioni moja nikaukuta umehamishwa. Nikauliza, nikaambiwa huku kuna unyevu. Mimi nimekaa na samaki maisha yangu yote. Chumba kile hakina unyevu. Lakini ufunguo si wangu, nyumba si yangu, nikanyamaza. Na mtu asije akasema nililala kwa mkwe nikamwibia nafasi."

Kisha akawaaga kuku wale wabaki salama, akaenda zake kwenye lori.

Ufunguo nilijua ulikuwa kwa nani.

Nilimkuta chumba cha mbele. Alikuwa amemwaga maji sakafuni, anasugua kwa ufagio mgumu, sketi ameifunga juu ya magoti. Dirisha lilikuwa wazi na jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Vipande vyote vya kitanda vilikuwa vimeegeshwa ukumbini, vimepakwa mafuta, na haikuwa Pasaka.

"Ni wewe," nikasema.

Hakuacha kusugua.

"Ulijua itachukua harufu."

Akasimama, akautegemea ufagio, akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Miaka kumi na minne," alisema, "kila jioni umenieleza kahawa ya nani umeirudisha na ilikuwa imekaa karibu na nini. Ya moshi, ya mafuta ya taa, ya mbuzi wa yule mama. Mara ngapi, baba watoto? Ulidhani sisikilizi?"

"Umeniharibia nyumba ya pili."

"Ya kwanza sijaiingia."

Mimi ni mtu wa maneno, ningeweza kusema habari ya mtaji, ya msimu, ya mwakani. Nilikuwa na neno "kwa muda" tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameshainama tena, na mgongo wake ulikuwa umelowa, na nikaona jinsi alivyokuwa amezeeka humo bandani bila mimi kuwa na habari. Nilimwonea aibu. Niseme wazi, sikujionea huruma, nilijionea aibu, na haijaisha mpaka leo.

"Shika hicho kichwa," alisema. "Ni kizito, siwezi peke yangu."

Nikakishika. Tukakiingiza, tukaweka mbavu, tukapanga chaga. Kilienea kati ya ukuta na ukuta, kikabakiza upana wa mtu mmoja kupita, kama yalivyosema mafundo ya kanga. Akatandika. Akaketi upande wa dirisha, akapapasa ile mbao kwa kiganja, akawaita watoto waje waone samaki wa babu yao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwaona wakiwa wamesimama wima.

Kahawa haikurudi tena kwenye nyumba yangu. Hakuna mnunuzi aliyethubutu, na nyumba hii wenyeji wanaijua mpaka leo kwa jina ambalo sitaliandika. Wapangaji wangu tangu wakati huo ni wachuuzi wa usipa kutoka ziwani, watu wazuri, hawanusi chochote. Dari sijaweka. Mwalimu aliniuliza kwa nini, akiwa amenyanyua kalamu, nikamwambia hewa inazunguka, na nikaona anaandika. Nikamnyang'anya ile kalamu, nikamwuliza kama ameoa. Akasema ameoa. Nikamwuliza mke wake anataka chumba kipi. Akacheka, akasema hawajazungumza hilo bado, kwanza anataka wapangaji.

Nilitaka kumwambia habari ya mchana ule. Baada ya kitanda kusimama, mke wangu alikwenda kupika, nami nikajinyoosha juu ya kitanda hicho kwa mara ya kwanza, nikatazama bati. Fundi cherehani akakohoa chumba cha tatu, nikamwambia pole. Kisha kutoka juu ya ukuta wa chumba cha pili, polepole, ikanifikia harufu ya usipa. Nilikuwa sijaisikia miaka kumi na minne. Nikageuza uso kwenye mto wake, na mto pia ulikuwa unanuka samaki na moshi wa banda, nikalala pale nanusa mpaka aliponiita kula.